Sikio Linalotoa Usaha Halingoji Mtoto Akue



Kuna kauli ninayokutana nayo zahanati baada ya zahanati, na huniuma zaidi ikitoka kinywani mwa mtaalamu: "Mama, kausha tu, akikua litaacha." Habari za mrija unaounganisha sikio na koo, ambao kwa mtoto mchanga ni mfupi na umelala, sitazirudia; wanafunzi wetu wanazijua. Nimekuja kuipinga kauli hiyo.

Ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inadumu. Sikio lililoanza kuuma jana mara nyingi hupona lenyewe, na mtoto akikua mrija ule hurefuka, maambukizi yakapungua. Kosa ni kumpa jibu hilohilo mtoto ambaye ngoma ya sikio imetoboka na usaha unatoka mwezi wa tatu sasa. Huyo ana ugonjwa mwingine.

Nikiwa shule ya msingi niliketi dawati moja na mvulana aliyeshinda na pamba sikioni. Wenzetu walimkwepa kwa ajili ya harufu. Mwalimu akimwita kutoka nyuma hakugeuka, akachapwa kwa kiburi, kumbe hasikii. Kwao walikuwa wameambiwa wangoje akue.

Utafiti ninaouthamini kuliko wote katika fani hii ulifanyika hapa jirani, Kiambu nchini Kenya, ukachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1996. Smith na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 524 wenye usaha sugu. Kundi moja lilikaushwa masikio tu. La pili lilikaushwa, likapewa antibiotiki za matone na za kumeza pamoja na matone ya steroidi. La tatu halikutibiwa. Baada ya wiki 16 usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliopewa dawa. Kwa waliokaushwa tu ilikuwa asilimia 22, na kwa wasiotibiwa asilimia 22 vilevile. Na watoto hao wote walikuwa wanafunzi wa shule: walikwisha kukua, na usaha ulikuwa ungalipo! Dawa nayo haikuziba ngoma kwa wengi, asilimia 15 tu dhidi ya 13 kwa makundi mengine mawili, jambo linalotufundisha kutibu mapema, kabla tundu halijazoeleka.

Mtu atasema basi tuache kukausha. Sikubali. Kiambu hapakuwa na kundi lililopewa matone bila kukaushwa, na tone likidondokea juu ya usaha haliwezi kufika penye ugonjwa. Mimi nashikilia utambi, tena usokotwe na mama mwenyewe: kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa, kisokotwe kiwe chembamba, kiingizwe kwa upole, kikilowa kitolewe, kiwekwe kingine mpaka kitoke kikavu. Njiti ya kiberiti haina kazi hapo, wala mafuta ya nazi. Kisha matone ya dawa za jamii ya siprofloksasini, mara 3 kwa siku, wiki 2. Mama anayejua kusokota utambi huona usaha ukirudi kabla ya daktari yeyote.

Nawaomba waganga wafawidhi wahakikishe matone hayo hayakosekani kwenye rafu za zahanati. Nanyi wazazi, mkiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio la mtoto, msingoje utambi wala matone. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.