Maji Juu ya Mtindi Yametoka Wapi?

Ninyi mlio darasani, fuateni maneno haya kwa kidole.

Leo tutazungumza juu ya mtindi wa kunywa. Mama mmoja anauza mtindi sokoni. Mteja anatazama chupa: chini mna mtindi, juu mna maji. Anasema, "Umetia maji!" Mama anaapa hakutia. Nani mkweli? Huenda mama ni mkweli. Maji kama yale hutoka katika maziwa yenyewe.

Sikilizeni sababu yake. Ndani ya maziwa mna vijichembe vya protini, jina lake kaseini. Maziwa yakichachuka, vijichembe hivyo hushikana kama nyuzi za wavu. Wavu huo ndio unaoshika maji. Ukiwa dhaifu, maji hutoroka.

Wavu huo waweza kutiwa nguvu kwa kuyabana maziwa. Mwaka 1899, huko West Virginia, Marekani, Bert Hite alieleza jinsi alivyoyabana maziwa kwa nguvu nyingi ili yakawie kuharibika. Siku hizi viko viwanda vinavyobana vyakula namna hiyo. Chupa laini za plastiki huwekwa ndani ya mtungi mnene wa chuma uliojaa maji, kisha maji hayo husukumwa. Nguvu yake yaweza kufika mara 6,000 ya nguvu ya hewa inayotuzunguka. Chupa hazipasuki, kwa kuwa maji huzibana sawasawa kila upande.

Nguvu hiyo huvunja vijichembe vya kaseini vikawa vidogo zaidi. Maziwa hayo yakigandishwa, wavu wake huwa na nyuzi nyingi na matundu madogo. Basi mtindi huwa mzito, tena hushika maji yake.

Lakini angalieni! Kubana maziwa ni jambo moja; kubana mtindi uliokwisha ganda ni jambo jingine. Mtindi hubanwa ili usizidi kuwa mkali. Nguvu ikizidi, vijidudu vyema vinavyogandisha maziwa hufa.

Mtaniuliza, "Sisi tusio na mashine hiyo, tufanyeje?" Tumieni moto. Joto kali nalo huzifanya protini nyingine za maziwa zishikamane na kaseini, na wavu hupata nguvu. Chemsha maziwa. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tia vijiko vichache vya mtindi mzuri kwa kijiko safi. Funika, wala usitikise chombo mpaka maziwa yagande.

Sasa jibuni maswali haya darasani:

1. Maji yaliyo juu ya mtindi yametoka wapi?
2. Kwa nini chupa haipasuki inapobanwa?
3. Kwa nini tunachemsha maziwa kabla ya kuyagandisha?

Na mkimwona mama yule sokoni, msimwite mwongo kabla ya kumwuliza. Kwaherini.