Nguzo ya Tatu

Msikilizaji, Wajerumani wana jina la ugonjwa ambao sisi huuita uzee. Wao huuita ugonjwa wa dirisha la duka. Mgonjwa anatembea kidogo, shavu la mguu linabana, naye kwa kuona haya anasimama mbele ya duka kama mtu anayetazama bidhaa, mpaka maumivu yatulie. Nina jirani, mzee wa heshima zake, akielekea msikitini husimama kwenye nguzo ya umeme ya tatu, kisha ya sita, kisha ya tisa. Mtaani tulikuwa tukisema mzee anapenda kusalimia watu.

Kinachomsimamisha mgonjwa wa namna hii ni damu. Mishipa inayoipeleka miguuni imesinyaa kwa mafuta yaliyoganda ndani yake, na wachochezi wakubwa ni tumbaku na kisukari. Akikaa, damu hiyo haba inamtosha. Akitembea, msuli unadai zaidi na haupati. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, aliyaeleza haya mwaka 1858.

Sasa nizungumzie kiatu kinachoweza kumsaidia mgonjwa huyu. Katika kila hatua, msuli wa shavu la mguu ndio unaoinua kisigino na kuusukuma mwili mbele. Kiatu chenye soli ngumu iliyopinda kama kitako cha mtumbwi hubingirika kutoka kisigino hadi vidoleni, kikaupunguzia msuli ule mzigo. Mshipa hakiuzibui; damu ni ile ile, ila inamfikisha mtu mbali zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, waliwavisha wagonjwa viatu vya aina hii, vyenye soli ya mipindo mitatu, wakawaona wakienda mbali zaidi.

Na kwenda ndiyo dawa yenyewe. Mgonjwa hushauriwa atembee mpaka maumivu yamkabe, apumzike, aendelee tena, nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 angalau. Lakini anayeogopa maumivu hukaa barazani, na kila akikaa mguu unazidi kudhoofu. Ndiyo maana kiatu hiki nakihesabu katika matibabu.

Linaloniuma ni kwamba kwetu kiatu hukumbukwa mwisho. Mwenye kisukari na damu haba miguuni tunamwacha na kandambili, wakati mchubuko mdogo kidoleni unaweza kumkatisha mguu. Mguu ukishakatwa, ndipo tunachangishana fedha za mguu wa bandia. Mafundi tunao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari amwandikie mgonjwa kiatu kama anavyomwandikia vidonge, na fundi ampime mwenyewe, kwa sababu soli iliyopinda inaweza kumyumbisha mzee asiyeizoea.

Jirani yangu nimemwomba nimsindikize hospitali, apimwe presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, zilinganishwe. Ya mguuni isipofika asilimia 90 ya ile ya mkononi, mishipa ina tatizo. Kipimo hakiumi. Amekubali kwa sharti moja: tuondoke alfajiri, kabla watu hawajatoka, asionekane akisimama kwenye nguzo ya tatu.