Kona na Duara: Maneno ya Umbo Lililopinda



Waingereza wana neno moja la kawaida kwa mstari wowote uliopinda, uwe wa barabara, wa mto au wa grafu. Kiswahili huugawa uwanja huo. Mto una kizingo, daraja lina tao, mti una kombo. Na kutokana na kitenzi pinda tumepata upinde.

Barabara, hata hivyo, ina kona. Neno hili tumelikopa kwa Kiingereza, ambako maana yake ya msingi ni pembe. Katika mpira wa miguu kona imebaki pembeni mwa uwanja. Lakini dereva wa Shinyanga anapotahadharishwa juu ya "kona kali", hatazamii pembe bali mpindo. Hivyo neno la pembe limekuwa neno la mpindo.

Huko Geita mambo yamekwenda kinyume. Duara, neno la asili ya Kiarabu lenye mzizi mmoja na idara, kamusini ni umbo la mviringo. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, duara ni shimo la kuchimbia, hata likiwa na pembe nne. Mwenye duara ndiye anayegharimia uchimbaji, na mawe yakipatikana hugawanywa baina yake, mwenye leseni na wachimbaji kwa makubaliano yao. Hapa umbo limesahauliwa. Kilichobaki ni kazi, mali na haki.

Naomba niungame kosa langu. Miaka mingi iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake kwamba baba yake "alifia duarani". Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Haieleweki." Kijana hakubisha. Nilipofika Geita baadaye na kulisikia neno hilo vinywani mwa wachimbaji, ndipo nilipoelewa kuwa nilikuwa nimesahihisha msiba.

Mkalimani asiyejua maana hiyo atamnyima mchimbaji haki yake mbele ya hakimu, kama nilivyomnyima kijana yule alama. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja, na kamusi zetu zimeitendea haki bahari: ngalawa, tanga na demani vimo. Migodi nayo inastahili kusikilizwa. Pendekezo langu ni dogo: chini ya kidahizo duara, iongezwe maana ya pili.