Uanagenzi kwa Waliohamishwa na kwa Wenyeji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Kisii)



Reli haikufika kwetu Gusii. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na huko ndiko nifanyako kazi. Lakini neno nililo nalo leo ni la hapa Kisii na Nyamira.

Tukisikia "mkimbizi" twafikiri watu wa Kakuma na Dadaab, au Wakongo na Wasomali walioko Nairobi. Huku kwetu wako wakimbizi wa ndani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 600,000 walifukuzwa makwao katika Kenya, na karibu nusu yao hawakuingia kambini. Walikwenda kwa ndugu. Wagusii walitoka Eldoret, Nakuru na Kericho wakaja hapa na magodoro yao, na mpakani mwa Borabu na Sotik soko la Chepilat likachomwa moto. Aliyekaa kambini alihesabiwa akapewa hema. Aliyelala jikoni kwa mjomba wake hakuonekana, na wengi wa hawa walingoja msaada wa Serikali miaka mingi.

Shamba la Gusii mnalijua. Limegawanywa hata mgomba wa huyu waangusha majani kwa nduguye. Kwa hiyo waliohamishwa waliingia mjini: Daraja Mbili, Keroka, Nyamira. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 2008 leo ni kijana asimamaye mlangoni mwa gereji akiomba kazi, na kando yake amesimama kijana wa hapa hapa, naye hana kazi.

Hapo ndipo maneno huanza. Mwenyeji husema, "Huyu amekuja kutushushia bei." Nami nakubali kwamba bei imeshuka. Lakini aishushaye si mgeni. Ni desturi ya kumchukua kijana "ajifunze", akafanya kazi miaka miwili bila mshahara wala karatasi, kisha akaondolewa na kuitwa mwingine. Mpwa wangu alichomelea mageti hivyo kwa miezi 20 katika karakana moja ambayo sitaitaja. Alitoka anaijua kazi vizuri, lakini hakuwa na kitu cha kumwonyesha mwajiri ila makovu ya cheche mikononi. Nawauliza, fundi mwenye watoto atashindanaje na mtu asiyelipwa?

Wazee wa reli waliojifunza kazi zamani za East African Railways waliandikwa mkataba, wakapewa posho, wakapimwa. Nasi twaweza kuyadai hayo, maana yamo katika sheria. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, yataka mkataba wa mwanagenzi uandikwe na kusajiliwa, tena mtoto wa chini ya miaka 15 asitiwe ndani yake. NITA hutoa mtihani wa ufundi wa Gredi ya 3, ya 2 na ya 1, na aliyejifunzia jua kali aweza kuufanya kama yule wa chuoni. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ziwe za mafunzo. Fedha hizo si sadaka ya mtu. Zatokana na jasho letu.

Mkimbizi wa nchi nyingine naye, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, aweza kuajiriwa akiwa na ujuzi unaotambuliwa Kenya. Basi cheti kile kile kitamfaa yeye, na wa Eldoret, na wa Daraja Mbili.

Naomba tawi letu lifanye hivi. Tutafute mafundi kumi. Kila mmoja achukue vijana wawili, mmoja aliyehamishwa na mmoja mwenyeji, waandikwe siku moja, wapewe nauli na chakula cha mchana sawasawa, na mfuko wa tawi usaidie ada ya mtihani. Tusiwachukue waliohamishwa peke yao. Tukifanya hivyo mwenyeji atakasirika, naye atakuwa na haki. Wasichana pia waingie, wala si kwa cherehani tu.

Daftari liko mezani kwa Katibu. Mwenye kumjua fundi mwaminifu (nasema mwaminifu, sisemi mwenye gereji kubwa) aandike jina lake kabla ya kuondoka leo.