KIGEUGEU NI NANI HASA?

Maneno haya niliyatoa kwanza kijiweni, mbele ya vijana wenzangu. Leo nakuletea na wewe.

Ukihama chama tu, unaitwa kigeugeu. Hata hujaulizwa umehama kwa nini! Basi tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ni ule ule wa "geuka", na ndio uliozaa "mageuzi" tuliyoyapigia kelele tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Mzizi mmoja, sifa na tusi. Tofauti iko wapi? Sikiliza: geu-geu. Ni mara mbili. Aliyegeuka mara moja, akatoa sababu na akabaki huko, huyo kageuka, basi. Kigeugeu hugeuka, akageuka tena, na kesho hujui utamkuta anatazama wapi.

Wala usimchanganye na ndumilakuwili. Huyo yuko pande mbili kwa wakati mmoja: mchana yuko nasi, usiku anawapelekea vigogo habari zetu. Kigeugeu hajifichi. Hugeukia jukwaani, kwa vigelegele vya wapambe.

Tena, ingawa neno lina "ki" kama kiti na kikombe, hatusemi kigeugeu kimekuja. Tunasema amekuja. Ni mtu, ana mdomo, anaweza kuulizwa.

Sasa linalouma. Mwaka 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya mafisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa kashfa ya Richmond. Alikana tuhuma, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Julai 2015 akaja upinzani, tukamsimamisha kugombea urais, akapata kura zaidi ya milioni 6. Machi 2019 akarudi CCM. Vijiwe vyote vikalipuka: kigeugeu!

Haya, marehemu aligeuka mara mbili. Na sisi? 2007 fisadi, 2015 mkombozi, 2019 msaliti. Hesabu mwenyewe.

Na Dk. Slaa, aliyeisoma ile orodha, alikataa kugeuka nasi. Septemba 2015 akatangaza kuachana na siasa za vyama. Wengi wetu tulimwitaje? Msaliti! Yaani aliyesimama pale pale tulipomwacha ndiye tuliyemtukana. Baadaye alikubali ubalozi kutoka serikali ya CCM, na hilo mjadili mtakavyo, lakini siku ile alikuwa bado hajapewa kitu.

Mimi mwaka 2015 nilikuwa sekondari. Niliimba jina la Lowassa hadi sauti ikakauka, na mwaka 2019 sauti hiyo hiyo ikamzomea.

Hapo jamaa mmoja akadakia: "Basi wewe tukuiteje?"

Nikamwambia niite hilo hilo, ila uniulize sababu kwanza. Akaniuliza. Nikawa sina.