Linux kwa Anayeanza

Madhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali kompyuta nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11, yafaa tuitafakari Linux, mfumo usiolipiwa ada, ambao aghalabu huzirefushia umri mashine hizo.

Kwa anayeanza, shauri letu ni Linux Mint, toleo la Xfce, kwa kuwa menyu yake hukaa chini kushoto, palepale mkono ulipozoea, na RAM ya GB 4 yaitosha. Ubuntu, Linux nyingine iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, nayo ni njema, lakini yadai mashine yenye nguvu zaidi.

Ijaribuni Linux kwanza kwa taratibu: iandikeni katika flashi, iwasheni kompyuta kwa flashi hiyo, mkatazame kama Wi-Fi, sauti na printa vyaitika, huku diski ikiwa haijaguswa hata kidogo. Mkiridhika, na kabla ya kuiweka moja kwa moja, tafadhalini nakilini nyaraka na picha zenu zote mahali pengine, kwani hatua ya kufuta diski haina marejeo.