Nyumba ya Halali: Jina la Mkataba Haliigeuzi Riba Kuwa Biashara

(Darsa iliyotolewa baina ya Maghribi na Isha)

  

Ndugu Waislamu, mas-ala tutakayoyazungumza leo tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara, na wanaouliza zaidi ni vijana waliooa karibuni. Wanasema: tunataka nyumba, fedha taslimu hatuna, na benki zipo zinazotoa mkopo wa nyumba. Nyengine zinasema mkopo wake ni wa kawaida, nyengine zinasema ni wa Kiislamu. Je, tuchukue upi, na tutajuaje kuwa huo wa Kiislamu ni wa Kiislamu kweli?

Suala hili halitaki jibu la haraka. Nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote atakayoinunua mtu katika umri wake, na deni lake huenda likamfuata mpaka kaburini.

Hali ya nyumba katika Unguja

Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Sensa ya mwaka 2022 ikaonesha watu 1,889,773. Wengi wao wapo Unguja, na wengi wa waliopo Unguja wamesongamana mjini na pembezoni mwake. Ardhi ni ile ile.

Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyumba zake nyingi ama ni za wakfu, ama ni za Serikali, ama ni za warithi wasiohesabika, na nyengine zimegeuzwa nyumba za wageni. Nje ya mji, eka tatu tatu walizogaiwa wananchi kwa kilimo baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 zimekuwa zikikatwa viwanja. Huko Fumba miji mipya inajengwa, na nyumba zake zimekuwa zikitangazwa kwa Dola. Anayelipwa mshahara kwa Shilingi na akabeba deni la Dola ajue kuwa Dola iliyokuwa kiasi cha Sh 2,300 mwaka 2022 ilifika kiasi cha Sh 2,700 katika mwaka 2024. Deni lake liliongezeka na yeye hakukopa hata senti moja zaidi.

Ndio maana wengi wetu tunajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mabati Mwenyezi Mungu akijaalia. Njia hii ni ndefu, lakini haina riba, na mwenye kuifuata asijione duni.

Mkopo wa kawaida

Ripoti za Benki Kuu ya Tanzania za miaka ya karibuni zimeeleza kuwa riba ya mikopo ya nyumba imekuwa baina ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue hicho cha chini. Aliyekopa Sh milioni 60 kwa miaka 15 atalipa kiasi cha Sh 840,000 kila mwezi, na mwisho atakuwa amelipa kiasi cha Sh milioni 151. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali hapa Zanzibar kilipandishwa mwaka 2022 kikawa Sh 347,000. Basi mkopo huu ni wa nani?

Lakini hata kama riba ingekuwa asilimia moja, hukumu yake haibadiliki. Qur'ani katika Suratul Baqara imetenganisha biashara na riba, na imewajibu wale waliodai kuwa viwili hivyo ni kitu kimoja. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 6 mjini Jeddah mwaka 1990, iliyajadili mas-ala haya haya ya kununua na kujenga nyumba za kuishi. Ilikiri kuwa nyumba ni katika haja za msingi za binaadamu. Pamoja na kukiri hivyo, iliamua kuwa mkopo wa riba, ikiwa kidogo au nyingi, ni haramu, na ikataja njia za badala.

Tusichanganye pia baina ya rahani na riba. Kuweka nyumba rahani kwa deni la halali kunajuzu. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliweka deraya yake rahani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri. Kinachoharamishwa ni ile ziada juu ya mkopo.

Somo la bei kheyari

Ndugu zetu, kabla hatujazitaja njia hizo za badala, tuangalie yaliyowapata wazee wetu, kwani sisi Wazanzibari mas-ala ya riba iliyovaa nguo za biashara tunayajua tangu zamani.

Katika zama za Masultani, mwenye shamba la mikarafuu alipohitaji fedha, mkopeshaji hakumuandikia riba, kwa sababu riba ni haramu na kila mtu anajua. Walifanya bei kheyari. Tuseme shamba lina thamani ya rupia 2,000. Mwenyewe "analiuza" kwa rupia 1,000, kwa sharti kuwa akizirejesha katika muda fulani shamba ni lake tena. Wakati huo huo "mnunuzi" anamkodisha muuzaji shamba lile lile, naye analipa kodi kila mwaka. Muuzaji hakutoka shambani, na mnunuzi hakuchuma hata karafuu moja. Kilichobadilika ni karatasi tu. Bei ile ilikuwa ndio mkopo, na kodi ile ilikuwa ndio riba. Karafuu zikianguka bei na kodi ikimshinda, au muda ukipita hana cha kurejesha, shamba la rupia 2,000 limekwenda kwa rupia 1,000.

Madeni yaliwazonga wenye mashamba kiasi cha kuwa mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha amri za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji.

Tuwe waadilifu: wapo wanavyuoni, hasa wa Hadhramaut, walioruhusu muamala unaofanana na huo kwa jina la bai'ul 'uhda, kwa kuona haja ya watu. Lakini Majmaa ya Fiqhi katika kikao chake cha 7 mjini Jeddah mwaka 1992 iliuangalia muamala huu, unaoitwa pia bai'ul wafaa, ikaona kuwa hakika yake ni mkopo unaovuta manufaa, na ikaamua kuwa haujuzu. Na kauli hii ndiyo yenye nguvu kwetu, kwa sababu tumeyaona matunda yake hapa hapa.

Njia za halali na mitihani yake

Milango ya mabenki ya Kiislamu ilifunguka karibuni tu. Mwaka 2011 Amana Bank ilianza kazi Dar es Salaam, na mwaka huo huo Benki ya Watu wa Zanzibar ikaanzisha huduma za Kiislamu. Hili ni jambo la kushukuriwa. Lakini kushukuru hakutuzuii kuusoma mkataba. Njia zinazotumika zaidi katika nyumba ni hizi:

Kwanza, murabaha. Benki inainunua nyumba uliyoitaka, inakuwa mali yake, kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, ukilipa kwa awamu. Kuzidi kwa bei kwa sababu ya kucheleweshwa malipo kunajuzu. Sharti ni kuwa benki iimiliki nyumba kwanza, kwani Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Ikiwa benki imekupa fedha tu, ukaenda kununua mwenyewe, na karatasi ikaandikwa murabaha, huo ni mkopo wa riba.

Pili, ijara inayoishia katika umiliki. Benki inakukodisha nyumba yake, na mwisho wa muda inakuwa yako kwa mkataba mwengine ulio mbali na ule wa kodi. Madhali nyumba ni ya benki, matengenezo makubwa ni juu yake. Ukiona kodi unalipa wewe na paa likianguka unalijenga wewe, ikumbuke bei kheyari.

Tatu, ushirika unaopungua. Nyumba ya Sh milioni 60, wewe umetoa 20 na benki 40. Unalipa kodi ya thuluthi mbili zisizokuwa zako, huku ukinunua hisa za benki kidogo kidogo mpaka zote ziwe zako.

Nne, istisna'i. Ni mkataba wa kujengewa nyumba isiyokuwepo bado, kwa sifa, bei na muda vilivyobainishwa. Wanaonunua nyumba kwenye ramani wajue kuwa kisichobainishwa ndicho kitakacholeta ugomvi.

Maswali kabla ya kutia saini

Uliza: nyumba ikiungua leo, baada ya benki kuinunua na kabla ya kuniuzia, hasara ni ya nani? Jibu likiwa ni "yako wewe", basi benki haikununua kitu. Uliza: nikichelewa kulipa, deni linaongezeka? Likiongezeka kwa faida ya benki, hiyo ndiyo riba ya Jahiliya. Uliza: jumla nitakayolipa ni kiasi gani? Katika murabaha, bei ikishafungwa haibadiliki.

Kisha iulizie nyumba yenyewe. Kwa Sheria ya mwaka 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na anachouza muuzaji ni haki ya kuitumia pamoja na alichojenga. Basi ana hati? Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na sheha peke yake haitoshi. Ni mali ya mirathi iliyokwisha gaiwa, au ndugu mmoja anauza haki ya wenzake na ya mayatima? Ni ya wakfu? Nyumba ya wakfu haiuzwi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo ya kuulizwa. Mkataba safi juu ya nyumba ya dhulma hauisafishi dhulma.

Wajibu wetu sote

Ndugu Waislamu, hatuwezi kumwambia kijana "riba ni haramu" kisha tukarudi majumbani kwetu tumelala. Katika njia ilizozitaja Majmaa mwaka 1990, mojawapo ni dola kuwakopesha watu fedha za nyumba bila ya riba. Hilo ni la wenye mamlaka, na tuna haki ya kuwakumbusha. Na wenye uwezo miongoni mwetu wana mlango wa qardhul hasan. Anayemkopesha jirani yake fedha za mabati na kumsubiri anamuepusha na vita ambavyo Qur'ani imewatangazia wala riba.

Na wewe mwenye kukopa, andika deni lako na ushuhudishe, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshuka kwa ajili ya hilo. Tena kumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) alisita kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Nyumba ya vyumba viwili isiyo na deni ni bora kuliko ghorofa inayomsubiri mrithi na barua ya benki.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku makaazi ya halali hapa duniani, na kesho Akhera atujaalie makaazi ya kudumu katika Pepo yake. Amin.